Mtu Aliyelipunguza Neno "Sisi"

Sauti yake ilikuwa ya chini. Wengi hudhani msemaji wa kuogopwa ni yule anayefoka na kupiga meza. Yule aliyenitia hofu kuliko mtu yeyote maishani mwangu alizungumza polepole, kama mtu anayempa mgonjwa habari za nyumbani, na ili umsikie vizuri ilikubidi umsogelee.

Nilimsikia mara ya kwanza sokoni Rulenge, nilikokuwa nimepeleka ndizi. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, vilima vya upande wetu wa Ngara vilipofunikwa na maturubai ya bluu, na moshi wa kambi ukawa kitu cha kwanza unachokiona ukifungua mlango asubuhi. Mama alikuwa ametangulia kufa, baba akafuata. Mimi nilikuwa mkubwa, nikaacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wapate mtu wa kuwapikia na kuwalimia. Aliyenifuata alikuwa wa kiume, kisha wasichana wawili, na yule wa mwisho alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Baba alikuwa na asili ya Burundi. Wazazi wake walivuka naye akiwa mgongoni, katika wimbi la zamani, wakapewa mahali pa kulima, wakalima, wakazikwa hapo hapo. Mama alikuwa Msubi wa Nyamigogo, kule Biharamulo, na ndugu zake hawakuipenda ndoa ile, kwa hiyo baada ya msiba hawakuonekana tena. Nyumbani tulichanganya Kirundi na Kisubi, nje tukasema Kihangaza na majirani, na hakuna aliyetuuliza tunasema kipi. Sikuwahi kufikiri kwamba tuna upande.

Siku ile sokoni yule bwana alisimama nyuma ya pikapu. Alikuwa mtu wa wilaya hii hii, aliyewahi kufundisha, na sasa alikuwa anagombea kiti. Alianza kwa kujicheka. Alinyanyua mguu, akatuonyesha kiatu chake kilichojaa tope, akasema kiatu hiki kilinunuliwa kwa ajili ya lami, kimefika Rulenge kimeanza kulia. Tulicheka. Mtu akikuchekesha unamsogelea bila kujijua, nami nilisogea na kapu langu.

Kisha akaanza kuuliza. Kuni siku hizi tunazipata karibu au mbali? Tukajibu mbali. Maji ya mto ni yale yale? Siyo. Na mihogo, je, mihogo yetu inalala salama shambani? Hailali, watu wakajibu wakicheka, maana ni kweli mihogo ilikuwa inachimbwa na hakuna aliyejua na nani. Hata yangu ilikuwa imechimbwa. Nilijibu pamoja na wengine, kwa sauti, na nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekuwa na jipu na sasa amepata wa kumwonyesha.

Lazima nieleze jambo kuhusu kwetu. Kiswahili si lugha tuliyonyonya. Ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Mtu aliyevaa viatu akikuuliza jambo kwa Kiswahili mbele ya watu, wewe hujibu "ndiyo", na hujibu pamoja na wenzako, kama tulivyomjibu mwalimu darasani. Hatukuona kuwa kumwitikia ni kukubali. Tuliona ni adabu tu. Mambo ya kukubaliana kweli tuliyazungumza baadaye, nyumbani, kwa lugha zetu, mtu na mtu. Hilo lilikuwa kosa letu sote. Yule bwana alikuwa mtoto wa hapa, aliyajua haya vizuri, na alikuwa akizihesabu "ndiyo" zetu kama za watu waliokubali.

Alipokuwa anaanza alisema "sisi", na sisi ilikuwa kila mtu aliye pale sokoni. Baada ya mihogo akasema "sisi wenyeji". Nikaitikia. Kisha akasema "sisi tuliozaliwa hapa", nikaitikia tena, maana nami nilizaliwa hapa. Kisha, kwa sauti ile ile, bila kupumzika, akasema "sisi ambao mababu zetu walizaliwa katika udongo huu, hatuna kwingine kwa kurudi." Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuitikia. Nilikuwa nimesimama mahali pale pale, na kapu lile lile mbele yangu, lakini nilikuwa nimeachwa nje ya lile neno, nalo lilikuwa limejifunga kama zizi. Waliokuwa wamesimama kushoto na kulia kwangu waliitikia. Walikuwa ndani.

Kisha akasema alichokuja kusema. Wakimbizi watarudishwa kwao, hilo lilikuwa linazungumzwa kila mahali. Lakini wako wengine waliokuja zamani, wakajificha kwenye migomba yetu, wakaoa kwetu. Kila kijiji kijisafishe chenyewe. Kila kijiji kikae, kionyeshe nyumba zisizo zake, lori lije liwachukue waende na wenzao. Je, nyumba hizo tunazijua? Tunazijua. Je, tuko pamoja? Tuko pamoja. Nilirudi nyumbani na nusu ya ndizi zangu, sikuweza kubaki.

Njiani nilipita dukani, pale kituoni kwetu. Mwenye duka alikuwa mama mmoja Mwislamu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani. Nilikuwa namsaidia kufagia na kupepeta maharage, naye alinipa chumvi na sabuni. Aliniona uso, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia yote, pamoja na kiatu.

Hakushangaa. Alikuwa anakunja vitenge, akaendelea kukunja.

"Huyo mwenzangu, anauza," akasema. "Mimi pia hufanya hivyo hivyo. Mteja akiingia simwambii nunua. Namwambia, jua leo kali, eeh? Anasema eeh. Watoto wanakua haraka, nguo haziwatoshi, eeh? Eeh. Akishaitikia itikia, kitenge kimeshakuwa chake, imebaki kukifunga."

Nikamuuliza, mtu kama huyo anaogopa nini.

"Mteja anayeuliza 'kipi?'" akasema. "Ukimwambia vitenge vizuri vimekuja, anakwambia kipi hasa, nikishike. Huyo ananichosha. Huyo nataka atoke." Kisha akashusha sauti. "Na usije ukadhani hili ni lenu peke yenu, binti yangu. Wakimaliza kwenu watakumbuka na mimi nilikotoka."

Maneno yale hayakunituliza. Kumwona mtu mzima wa duka naye anaogopa kuliniongezea baridi mwilini.

Siku zilizofuata hofu yangu haikuhitaji kelele. Ilikaa kwenye vitu vidogo. Wanawake walikuwa wakizungumza kisimani, nikifika wanazungumza habari ya mvua. Jirani wa chini, aliyezoea kuja kuchukua moto asubuhi, alianza kwenda kuuchukua mbali zaidi. Lakini kilichonitisha kuliko yote ni mzee wa nyumba ya juu.

Mzee yule alikuwa mtani wa baba. Alipenda pombe ya ndizi na alipenda kuchokoza, na utani wake haukuwa na likizo. Nikipita na jembe husema, "Huyo anakwenda kulima au kulichosha jembe?" Nikipita na maji husema namletea ya kunywa au ya kuzamia. Wakati wa kuondoa matanga ya baba, ndiye aliyesimama mbele ya watu akanikabidhi jembe la baba. Kwa desturi hukabidhiwa mtoto wa kiume, lakini mdogo wangu alikuwa hajafikia hata kulinyanyua. Mzee akasema nilishike mimi mpaka mwenzangu akue, na atakayetaka kulichukua mikononi mwangu aje kwake kwanza, aje na pombe. Watu walicheka katikati ya msiba.

Sasa nikipita aliniambia, "Habari za nyumbani." Basi. Kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni. Nilifika kwangu nikaketi chini ya ukuta. Mzee aliyenichokoza tangu nikiwa mtoto alikuwa ameanza kuniheshimu.

Mkutano wa kijiji chetu ulitangazwa, na yule bwana angekuja mwenyewe. Nilifikiri kukimbia. Kwenda wapi? Burundi sikuwahi kuiona ila kama mstari wa milima. Nyamigogo hawakututaka. Na nikiondoka na watoto, shamba la baba lingepata mwenyewe mwingine kabla hatujafika Biharamulo. Tukisubiri, lori lingetuchukua, na nilikuwa nimesikia jinsi watoto wanavyopoteana kwenye malori yale, mmoja anashushwa huku, mwingine kule. Hilo ndilo nililoliogopa. Si Burundi. Niliogopa kufika mahali nikageuka nyuma nikakuta mikono imepungua.

Asubuhi ya mkutano niliwaambia wadogo zangu wafunge mizigo. Nguo kwenye shuka, unga kwenye kiroba, sufuria juu, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Niliwaambia wasitoke, wasijibu mtu, na wakisikia lori wapite kwenye migomba waende kwa mama wa dukani. Yule wa mwisho akaniuliza kama tunasafiri. Nikamwambia sijui bado.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la kahawa. Msemaji na mwenyekiti wa kijiji walisimama barazani, sisi tukakaa chini kwenye uwanja wa kuanikia. Nilikuwa nimetunga maneno ya kusema. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga: kwamba baba alilipa michango yote, kwamba alichimba mtaro wa shule, kwamba makaburi yetu yako hapa. Nilikaa nyuma nikiyarudia moyoni.

Akaanza. Kiatu kikanyanyuliwa. Tope, lami, kulia, vile vile neno kwa neno, na watu wakacheka pale pale walipocheka wa Rulenge. Nilijua kinachofuata na hilo lilinitisha zaidi, kama kumwona nyoka akipita njia aliyopita jana. Kuni, maji, mihogo. Kila swali lilipata jibu lake. Nikaona "sisi" inaanza kusogea. Sisi wenyeji. Ndiyo. Sisi tuliozaliwa hapa. Ndiyo. Nikajua kwamba nikingoja neno linalofuata nitakuwa nje, na mtu aliye nje hata akisema kweli husikika kama mbuzi anayelia nje ya zizi.

Nikasimama. Maneno yote niliyoyapanga yakaniponyoka. Sikubaki na hata moja. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima, kichwa kitupu, na msemaji alikuwa amenyamaza akinitazama kwa uso mwema. Nilifanya kitu pekee ambacho mwili wangu ulikuwa unakijua bila kichwa. Baba alitufundisha kwamba mtoto akikuta watu wazima wamekaa, hawasalimii kwa jumla kama anayefukuza kuku. Anakwenda mmoja mmoja, anakunja goti, anatoa mikono yote miwili. Nikainama kwa mama aliyekuwa karibu nami, mmoja wa wale waliogeuza mazungumzo kisimani.

"Shikamoo mama."

Akanitazama, akamtazama msemaji. Lakini shikamoo haijibiwi na mwingine. Mkono wangu ulikuwa uko mbele yake. "Marahaba, mwanangu," akasema, polepole.

Nikaenda kwa anayefuata. Shikamoo baba. Marahaba. Shikamoo mama mkubwa. Marahaba. Wengine walinijibu bila kunitazama, wengine mikono yao ilikuwa na jasho kama yangu. Nilipita mstari baada ya mstari. Kutoka barazani yule bwana akasema, bado kwa upole, "Binti, kaa chini. Mkutano una utaratibu wake." Sikuwa jasiri, niseme ukweli. Niliendelea kwa sababu nilijua nikisimama nitaanguka.

Nikafika kwa mzee wa nyumba ya juu. Alikuwa amekaa juu ya gogo, fimbo katikati ya miguu. Nikakunja goti, nikatoa mikono. Hakuipokea mara moja. Nilikaa pale chini nikitazama kucha zake, na sijui nilikaa kiasi gani. Kisha akanishika, akashtuka kweli, akageuka kwa watu.

"Marahaba," akasema. "Jamani, mkono wa huyu mtoto ni baridi kama chura. Baba yake hakumfundisha kuota moto?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Hakikuwa kicheko cha kiatu. Nilianza kulia pale pale chini, kwa sababu alikuwa amenichokoza.

Yule bwana akamwambia mwenyekiti anyamazishe watu. Mzee akasema, "Mwache amalize kusalimia. Au salamu nazo zitapandishwa lori?"

Nikamaliza. Wa mwisho alikuwa msemaji mwenyewe, juu barazani. Nilipanda ngazi, nikakunja goti mbele ya viatu vile. Nilikuwa namwogopa kama ninavyoogopa radi. "Shikamoo," nikasema, na watu wote walikuwa wananyoosha shingo. Alikuwa mtu wa hapa, amelelewa kama sisi. Akaugusa mkono wangu kwa ncha za vidole. "Marahaba," akasema. Hakuongeza "mwanangu".

Akaendelea na hotuba yake, kwa sauti nzuri ile ile, kutoka pale alipoishia. Sisi ambao mababu zetu walizaliwa katika udongo huu. Wachache wakaitikia, mmoja huku, mmoja kule, na jibu la mmoja mmoja lina aibu, kila mtu anasikia ni sauti ya nani. Akauliza kama nyumba zisizo zetu tunazijua. Pale watu wa Rulenge walisema tunazijua. Kwetu mama mmoja, yule niliyemsalimia wa kwanza, akauliza kwa Kihangaza, kama anayeuliza bei:

"Nyumba ipi?"

Msemaji akatabasamu, akasema wao wenyewe ndio wanajua. Yeye si mkazi wa pale. Ni kweli, hakujua, alihitaji kidole cha mtu. Mama akauliza tena, ipi. Nilimkumbuka mwenye duka na vitenge vyake. Mimi nilitazama chini, maana niliona kwamba macho yangu yakikutana na ya mtu yeyote, yule atakuwa mwenye kidole. Nilikuwa nimeshika kila mkono uliokuwa pale. Nadhani hakuna aliyetaka mkono wake uwe wa kwanza kunyooka. Lakini sijui. Huenda walikuwa wamechoka tu na jua.

Kisha mtu mmoja nyuma akanyoosha kidole. Hakukielekeza kwetu. Alikielekeza bondeni, ilipokuwa nyumba ya familia moja yenye asili ya Rwanda, watu wapole waliolima mtama. Hawakuja mkutanoni, waliogopa kuja. Baadhi wakasema eeh, ile. Mwenyekiti akasema jambo hilo litatazamwa, akafunga mkutano haraka, kama mtu anayefunika chungu kinachotaka kufurika.

Wale wa bondeni hawakungoja kutazamwa. Kulipokucha mlango wao ulikuwa wazi na kuku wanazurura ndani. Watu walisema wameelekea Nyantakara, upande wa Biharamulo. Mtama wao ulibaki umesimama, ndege wakaula. Nimewafikiria mara nyingi. Hawakuwa wabaya kuliko sisi, wala hawakuwa wageni kuliko sisi. Hawakuwepo tu kutoa mikono. Na ninajua kwamba kile kidole, kama kingekosa bondeni, kingetafuta kwingine.

Tangu hapo nimesikia wasemaji wengi, wa siasa, wa dini, wa mbolea. Wengine walisema mambo mema na nikayafuata. Lakini mtu akisimama mbele ya watu akaanza kusema "sisi", siangalii mdomo wake. Nageuka natazama waliokaa pembeni, nione neno linawaacha lini.

Jioni ile nilirudi nyumbani. Wadogo zangu walikuwa wamekaa kwenye giza la chumba, kila mmoja juu ya mzigo wake, kama nilivyowaambia. Hawakuwa wamekula kwa sababu sufuria ilikuwa imefungwa. Nikawaambia lori halikuja.

Yule wa mwisho akauliza, "Tufungue?"

Nilimtazama, nikatazama mlango. Kutoka nyumba ya juu nilimsikia mzee anaita, anauliza kama chura amefika salama.

"Fungueni sufuria," nikasema.

Mizigo mingine tuliiacha ilivyo, kando ya mlango, mpaka maharage yalipokomaa shambani.